Nilimfundisha mwanangu kilimo nyuma ya nyumba, neno "mgeni" likaniponza

Hapana, sikununua kitu. Jembe lililolika, udongo wa kichuguu na karanga za mbegu, basi.

Wakuu, nianze na marahaba kabisa, maana najua humu nawazidi wengi. Kusoma sijui. Mimi naongea, mjukuu anabonyeza simu, halafu namlazimisha anisomee. Akitia chumvi nitamsikia, kwa hiyo hii ni kweli tupu.

Mke wa huyu mjukuu kaagiza onlaini shamba la plastiki la mtoto wa miaka miwili. Ng'ombe wa pinki. Ukimminya analia "muu" kama mtu mwenye mafua.

Nikacheka, nikakumbuka yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Mume wangu alikuwa mgodini Geita, anarudi Jumamosi. Nyumbani mimi na Minza wetu, miaka miwili na nusu.

Nikamlimia kishamba cha upana wa mkeka. Matuta matatu. Asubuhi namchanganyia kwenye ungo choroko, karanga na mbegu za pamba, achambue. Karanga zikiisha kuliwa, na somo limeisha.

Ng'ombe tulifinyanga wenyewe. Kila ndama amtafute mama yake, na kila ng'ombe alie kwa sauti yake. Mimi nilikuwa dume. Majirani walidhani tumenunua.

Sasa mama mkwe. Kwao Kharumwa mtoto wa kwanza akiachishwa ziwa, bibi anaweza kumdai. Alikuwa anaongea puani, hivi: "Huyo mtooto anashinda kwenye matope, hajui kituu. Nakuja kumchukua."

Mume wangu alisema mama yake akikuta mtoto anajua mambo, atamwacha. Akikuta hajui, yeye hawezi kumzuia. Nikaongeza bidii kama mtu anayekimbiza fisi.

Shida ilikuwa moja. Mvua kwa Kisukuma ni mbula. Baba mkwe wangu anaitwa Mabula. Mkwe hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Na Kiswahili enzi hizo tulikisikia dukani kwa Mhindi tu.

(Leo namtaja bila wasiwasi. Alishafariki, na mimi nimeshazeeka kuliko yeye.)

Kwa hiyo mvua nikaiita mgeni. "Minza, tufukie, tumsubiri mgeni." Mgeni akija tunacheka, tunakimbilia ndani. Karanga zikaota, mtoto akashika somo lote.

Wakwe wakafika wote wawili, mume wangu yuko mgodini. Mimi nimepiga magoti nyuma ya mlango, mtoto yuko uani na bibi yake. Akachambua mbegu, akataja ng'ombe mmoja mmoja. Bibi akaanza kulegea. Akamuuliza, na hizi karanga nani kaziotesha.

Minza akasema, "Mgeni."

Mgeni gani?

"Wa mama. Akija mama anacheka, tunaingia ndani, tunafunga mlango."

Wakuu, mama mkwe hata pua ilimfunguka. Akauliza baba anakuwa wapi. Mtoto akajibu vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha kujibu wageni: "Mgodini."

Mama mkwe akaingia ndani kufunga nguo za mtoto. Akasema mtoto anaondoka leo, na mimi nirudi kwetu na mkeka wangu.

Nieleze vipi? Kusema ni mvua ni kumtaja baba mkwe mbele yake. Nikanyoosha kidole juu. Akasema, "Tazama, sasa anamsingizia Muungu."

Nisimame hapa niwape funzo, maana baadaye hamtasoma. Mtoto analibeba neno kama ulivyompa, hajui ulikuwa unakwepa nini. Ninyi wenye watoto, semeni hapo chini mmewapa maneno gani ya kujificha. Nitasomewa, nami nina hamu ya kucheka.

Basi, baba mkwe alikuwa mtu wa kuongea polepole, kama ng'ombe anayecheua. Akamwita Minza, akamweka kwenye goti, akamuuliza huyo mgeni akija anabisha hodi wapi.

Minza akaonyesha nyasi za paa. "Kule. Tatatata."

Mzee akaangalia paa. Akaangalia karanga. Akanitazama mimi nyuma ya mlango, kisha akamgeukia mkewe aliyekuwa na furushi mkononi.

"Mgeni ni mimi. Rudisha nguo za mtoto."