Lango Alilotaka Kulipita Bi Kamla

Nilipokuwa na miaka tisa, jirani yetu katika jengo la St. James Town alikuwa Bi Kamla, mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka Mwanza kabla ya kuhamia Toronto. Kiswahili ndicho kilichomfanya awe shoga wa bibi yangu. Alasiri walikunywa chai kwetu, naye akatusimulia habari za ngome alimozaliwa, huko Rajasthan, India, ambako baba yake alikuwa bawabu wa kasri lililokuwa ndani yake.

"Sisi watoto wa watumishi tulipita mlango wa nyuma," alisema, "pamoja na kuni."

Siku moja alileta picha. Kasri lilikuwa limekarabatiwa, limekuwa hoteli, na wageni wanavishwa mashada ya maua langoni. "Safari hii nitapita mbele," akasema.

Siku ya kuondoka, Bibi alinionya: mtu akishashika safari haitwi, ni mkosi. Nilimsikia vizuri. Lakini nilipoona miwani ya Bi Kamla imebaki kwenye kochi, nilikimbilia koridoni nikapiga kelele, "Bi Kamla!"

Aligeuka mbele ya lifti. Akacheka, akachukua miwani, akanibusu utosini.

Bibi alimsihi. "Rudi ndani, shoga. Kaa kidogo, unywe maji, ndipo utoke upya."

"Teksi inaningoja, dada."

Siku ya nne binti yake alitugongea mlango akilia. Moyo wa mama yake ulisimama akiwa garini, ngome ikionekana kwa mbali juu ya kilima.

Bibi hakunilaumu. Wala hakuniambia, hata mara moja, kwamba si mimi. Nilingoja aseme. Nilingoja miaka sita, mpaka tukamzika.

Baadaye yule binti alinieleza kwamba daktari alikuwa amemkataza mama yake kusafiri. Nilimshukuru. Haikunisaidia kitu.

Nilipoanza kazi nilikwenda ngomeni. Walinivisha maua. Mtembeza wageni alitueleza habari za wafalme, vita, na vioo vya darini. Nikamuuliza mabawabu waliishi wapi na watoto wao. Alifikiri kidogo, akanipeleka kwenye chumba ambacho sasa ni cha kuwekea viti.

Nilisimama humo nikalia, naye akatoka kwa adabu.

Siamini tena kwamba sauti ya mtoto inaweza kumuua mtu. Lakini yule mtoto aliyeita koridoni bado hajasadiki, na wawili ambao angewasadiki wamekwenda bila kumwambia.