Sufuria ya Shimba na Kostiki ya Mwalimu

Nyuma ya magereji ya Igoma kuna mtu anayesubu sufuria. Jina lake Shimba. Huyeyusha vichwa vya injini, rimu zilizopasuka na makopo ya soda, akamimina kwenye kalibu za mchanga. Kila sufuria inayotoka huigonga nukta tatu chini ya ukingo, ili ijulikane nani kaitengeneza. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na sita. Asichojua ni kusema. Mbele ya watu watatu ulimi wake hugeuka jiwe, na hakuna kitu anachokidharau duniani kama huo ulimi wake. Au tuseme kipo kimoja: Mwalimu Kaijage.

Kaijage alifundisha kemia mpaka akastaafu. Ni mtu wa kuvaa tai hata siku ya kunyonyoa kuku. Kikundi cha akina mama cha Selina kilipomwita awafundishe kupika sabuni, alianza na elektroni. Saa nzima ni elektroni. Alichora duara ndani ya duara mpaka ubao ukafanana na mkeka.

“Tabia ya kitu chochote iko kwenye elektroni zake za nje,” alisema. “Alumini inazo tatu, nayo huziachia kama mlevi anavyoachia siri.”

Akina mama wakaandika. Kisha Mwalimu akachukua kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, akaikoroga na maji ndani ya sufuria mpya ya alumini, yenye nukta tatu.

Sufuria ikachemka bila moto. Ikatoa povu la kijivu na mvuke wa kukaba koo, akina mama wakatimka nje wakikohoa. Waliporudi jioni, kitako kilikuwa na matundu kama chujio. Ubao ulikuwa bado umesimama pale pale, na alumini yake na elektroni zake tatu. Mwalimu hakuutazama. Aliigeuza sufuria, akaziona nukta.

“Takataka! Huyu anachanganya uchafu. Mtu wa darasa la saba akishakaa karibu na moto, anajiona mtaalamu wa metali!”

Maneno hayo yalifika kwa Shimba kabla ya giza. Selina aliyaleta mwenyewe, uso ameuinamisha. Kikundi chake kilikuwa kimeagiza sufuria thelathini za kuuza minadani, hadi kule Bujora.

“Fundi, wanachama wamegoma. Wanaogopa zitatoboka na ugali ndani. Kikao ni kesho.”

Shimba alijua maana yake. Thelathini zikikataliwa mbele ya watu, hakuna mwanamke Igoma atakayegusa tena sufuria yenye nukta tatu.

“Aliweka nini ndani?” aliuliza.

“Kostiki.”

Shimba akacheka, jambo ambalo Selina hakuwahi kuliona. Mkewe, Paskazia, kila akitia magadi kwenye maharage, sufuria hufanya weusi ndani. Kama magadi, yaliyo mapole, yanaichubua alumini, kostiki itaiacha? Hata asiyejua kuandika jina lake angeuliza hilo kwanza.

Kesho yake alikwenda kikaoni na ndoo ya plastiki na kopo la kostiki. Mwalimu alikuwa amesimama mbele, ameshika sufuria ya alumini inayong'aa, ya dukani mjini, aliyoitoa jikoni kwake.

“Hii ndiyo sufuria,” alisema. “Imetoka kiwandani, siyo jalalani.”

Shimba alipita katikati ya watu, jasho likimtiririka. Akakoroga kostiki kwenye ndoo. Ndoo ikapata joto kidogo, ikatulia. Akaichukua ile sufuria mikononi mwa Mwalimu, akaiweka chini, akamimina.

“Wewe! Hiyo ni ya mke wangu!”

“Shikamoo, Mwalimu,” Shimba akasema. Ulimi haukuwa na kingine.

“Marahaba,” Mwalimu akajibu kwa mazoea, huku sufuria ya kiwandani ikitokota miguuni pake na povu la kijivu likifurika.

“Mwalimu,” Sabina, mmoja wa wanachama, akauliza kutoka nyuma, “na hiyo nayo ni ya darasa la saba?”

Kicheko kilipotulia, Kaijage alikuwa ameshafuta miwani.

“Hicho ndicho nilichotaka mkione,” alisema, bila haya hata ya dawa. “Alumini huvaa ngozi nyembamba, muungano wa alumini na oksijeni, ulioshikamana sana. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Kostiki huivua. Metali ikibaki uchi, elektroni zake huchukuliwa, na gesi ya haidrojeni inatoka. Plastiki haidhuriki, kwa sababu atomi zake zimeshikana kwa elektroni zinazomilikiwa pamoja, na kostiki haiwezi kuzitenganisha.”

Yote yalikuwa kweli. Shimba aliyaelewa mara moja, maana ngozi hiyo huikwangua kila siku juu ya alumini iliyoyeyuka. Lakini mtu anawezaje kuijua kwa jina na kwa sababu yake, halafu akutane nayo sufuriani asiitambue? Elimu yake ilikuwa kama suti ya maziko: imekunjwa vizuri sandukuni, haijawahi kufanya kazi.

Akina mama wakampigia makofi. Mwalimu, siyo Shimba! Selina peke yake hakupiga. Alimwambia Shimba, “Thelathini zetu tunazichukua Jumamosi.”

Wiki iliyofuata Kaijage alifika kwenye karakana, tai shingoni, akikanyaga majivu kwa ncha za viatu.

“Fundi, mama kule nyumbani hana sufuria ya kupikia.”

Shimba alichagua sufuria moja. Akaigonga nukta tatu mbele yake, taratibu, moja baada ya moja, akamkabidhi. Na kwa kuwa pale palikuwa na mtu mmoja tu, ulimi ukamtii.

“Hii ni ya ugali, Mwalimu. Ya ugali tu.”