Ng'ombe wa Wankyo Walioandikwa kwa Isidori

Matrida alikuwa anaogopa SQL, lugha ya kuiamrisha kanzidata, na wala hakuona haya kusema. Miaka miwili nyuma, akifanya kazi Bunda, aliandika amri kwa mkono kurekebisha namba ya simu ya mteja mmoja, akasahau sharti la kusema ni mteja yupi. Kufumba na kufumbua, wateja mia sita wakawa na namba moja. Tangu hapo aliapa kwamba kila kitu kitapita kwenye ORM, ile zana inayokaa kati ya programu na kanzidata na kukuandikia amri yenyewe.

Rejista ya ng'ombe ya chama cha wafugaji huko Butiama aliijenga hivyo hivyo, chumbani kwake Mwisenge. Ng'ombe ana boma, boma lina mwenyewe, basi. Ilipendeza kweli. Ila binti huyu wa Nyegina, aliyelelewa kwa maziwa, alisahau jambo linalojulikana na kila mchungaji: huku mtu halazi mifugo yake yote mahali pamoja. Wengine anawalaza kwa rafiki, ili ugonjwa au wezi wasimmalize.

Saa nne asubuhi Euphrasia, katibu wa chama, akapiga simu. Ng'ombe walioibwa kwenye boma la marehemu Isidori wamepatikana, na saa sita wanagawiwa kwa kufuata rejista.

"Mama Wankyo ana kumi na moja pale, Isidori alikuwaga anamlazia. Sistimu yako inasema zote za Isidori! Watoto wa Isidori wameshaleta kamba."

Matrida akafungua kompyuta. Wankyo ni mjane, hana kitu kingine duniani.

Ukweli ulikuwamo kwenye kumbukumbu za chanjo, zinazoonyesha nani alimpeleka ng'ombe yupi. Lakini ORM ilivuta ng'ombe mmoja mmoja, maelfu yao, na kila mara ukurasa ukakwama. Saa tano na nusu ikafika. Ikabaki SQL ya mkono, juu ya kanzidata inayotumika. Alianza Salamu Maria, akaisahau katikati.

Akafungua muamala kwanza, yaani badiliko lisikae mpaka alithibitishe, ili aweze kurudisha. Akaandika: kila ng'ombe wa boma la Isidori aliyepelekwa chanjo na Wankyo, mwenyewe awe Wankyo. Sharti akalisoma mara tano. Akabonyeza.

Mistari kumi na miwili ikabadilika, kila mmoja ng'ombe mmoja.

Amezidi mmoja. Athibitishe tu? Nani atajua? Alijichukia kwa kuwaza hivyo, akapiga simu kwa Euphrasia, naye akampa Wankyo.

"Mama, ng'ombe zako ni ngapi kweli?"

"Kumi na moja, mwanangu."

"Huku wametoka kumi na wawili." Akamsomea mmoja mmoja, mpaka wa mwisho: "Mtamba mwekundu, hereni namba 4417."

Matrida alisikia ng'ombe wakilia huko.

"Huyo nilikuwaga nampeleka chanjo mimi, ila nilishampa Isidori. Alinichungia miaka minane. Ni wa watoto wake, usiniandikie."

Matrida akarudisha, akamtoa mtamba, akarudia. Kumi na moja. Akathibitisha.

Saa sita Euphrasia alituma ujumbe: ng'ombe wa Wankyo wameondoka naye salama. Matrida hakufurahi. Alikuwa ameshafungua orodha ya maboma mengine, mia tatu na arobaini, yote yamejengwa kwa kanuni ile ile ya boma moja, mwenyewe mmoja, na huko hakuna aliyempigia simu.