Machicha ya Katuni ya Wajapani

Shida yangu ilianza mwaka 1987, nikiwa na miaka kumi na tisa. Mume alinirudisha kwetu Pande na mtoto mgongoni, godoro akabaki nalo yeye. Shule niliishia darasa la nne. Sisemi haya nihurumiwe. Nasema ili anayesoma ajue nilianzia wapi, maana watu wa Kilwa Masoko wakiniona leo wanadhani nilizaliwa na funguo mkononi.

Nilikaanga mihogo. Nikauza dagaa. Nikaenda Kiranjeranje kulima ufuta kwenye kipande cha shamba nilichopewa na mjomba. Zamani ufuta uliuuza kwa chama cha ushirika tu, ukapewa karatasi, ukasubiri hadi ukasahau unasubiri nini. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi wakawa wanakuja na malori yao mpaka shambani, wanashindana wenyewe kwa wenyewe, na mimi kwa mara ya kwanza nikaona mwanamume mwenye lori ananibembeleza. Ufuta ndio ulioninunulia televisheni, deki, na jenereta lililokwishatumika. Ndugu zangu wakasema nimerogwa. Mwanamke kaachika, kapata pesa, hanunui hata kitanda, ananunua sinema! Niliwaacha waseme. Nikahamia Kilwa Masoko, nikasimamisha banda la makuti karibu na soko la samaki, nikaziba madirisha kwa magunia, nikaonyesha video.

Kuna watu wanaosema mabanda yale yalikuwa ya wahuni. Langu halikuwa la wahuni. Kwangu sigara nje, matusi nje, na adhana ikilia sauti naizima. Asiyetaka aende.

Wateja wangu hasa hawakuwa watu wa mjini. Walikuwa wavuvi wa dagaa, watu waliotoka mbali na kupiga kambi ufukweni, kambi ambayo wenyewe huiita dago. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa haifuati taa yako, maana mbingu nzima ni taa. Basi kila mwezi unapopevuka wavuvi hupumzika. Asubuhi wanashona nyavu, mchana wanatafuta pa kukaa, na walikaa kwangu. Tena wavuvi hawaji mmoja mmoja. Anakoingia nahodha, chombo kizima kinaingia.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, deki ya kanda imeshakufa na nimeshanunua mashine ya diski, nililetewa kutoka Dar boksi zima la katuni ya Wajapani, kila diski na kipande chake. Kijana wa kilemba chekundu anamtafuta mtu mwenye jicho moja aliyewachomea kijiji chao. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe, na ilijaza boksi zima. Wanazungumza Kijapani, chini yanapita maandishi ya Kiingereza kama siafu. Mimi sikuelewa hata neno, wavuvi nao hawakuelewa, na hakuna aliyelalamika. Mtu akikasirika anakasirika tu, huhitaji kamusi.

Walichokuja kulalamikia ni urefu.

Wakati huohuo jamaa mmoja kutoka Lindi mjini alifungua chumba mkabala na mlango wangu. Tofali, bati, na juu ya bati dishi kama sinia la pilau. Akaanza kuonyesha mpira wa Ulaya. Mwezi ulipoanza kuwa mkubwa, nahodha wa chombo kilichokuwa kikinijazia banda akaja kwangu peke yake kabla ya wenzake. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, sauti imekauka kwa kuita watu baharini.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, bibie. Nina neno."

"Lilete."

"Huyu kijana wako wa kilemba. Mwezi wa tatu huu anamtafuta mwenye jicho moja, hampati. Mara kaenda kuvua. Mara kaingia kwenye maji ya moto na wenzake, wanarushiana maji. Juzi kutwa nzima anafukuza paka. Mimi nikitafuta dagaa hivyo, wanangu si watakula mchanga?"

"Ndivyo walivyoitengeneza wenyewe."

"Basi itengeneze wewe. Vijana wanataka mpira. Nimewaambia ngojeni. Lakini giza la kuvulia likiingia huyu mtu hajapatikana, mwezi ujao tunavuka barabara. Wote."

Bila chombo kile, banda langu lilikuwa zizi la mbuzi. Ningefunga, ningeuza jenereta, ningepanda gari kurudi Pande, nao wale waliosema nimerogwa wangekuwa wamekaa barazani wananingoja. Nilikuwa nimerudishwa Pande mara moja maishani mwangu. Mara ya pili sikuwa tayari. Nikamwambia nahodha, "Atapatikana." Nikafunga mlango.

Nusu ya boksi ilikuwa haijaonyeshwa, na nafasi niliyokuwa nayo ni kutoka adhuhuri mpaka magharibi, mpaka mwezi upungue. Haikuingia. Nililitazama lile boksi kama mtu anavyotazama nazi nyingi na wageni wamefika mlangoni. Hapo ndipo nilipojua la kufanya.

Nazi ukishaikuna unakamua tui la kwanza, zito, kasimile. Unatia maji, unakamua la pili. Ukiendelea kutia maji litatoka kitu cheupe tu, hakina mafuta, hakina ladha, na mkononi umebakiwa na machicha. Machicha hupiki, unawapa kuku. Nikasema, hawa Wajapani wametia maji. Kazi yangu kutoa machicha.

Asubuhi wavuvi wakishona nyavu, mimi nilikaa peke yangu bandani na chupa ya rangi ya kucha. Nilikimbiza picha mbele, nikatazama mtu anaingiaje kwenye kipande na anatokaje. Akitoka na kovu jipya, nguo imechanika, rafiki kapungua, adui kaongezeka, hicho ni tui. Akitoka kama alivyoingia, hicho ni machicha, napaka rangi nyekundu kwenye jalada, hakichezwi. Kuna vipande kijana amekaa juu ya jiwe anakumbuka mambo ya nyuma, mambo ambayo sote tulishayaona. Nyekundu. Kuna vipande anakuja mgeni kijijini, analia, anasaidiwa, anaondoka, hatajwi tena mpaka mwisho wa dunia. Nyekundu. Yule paka alirudi tena mara nyingine. Nyekundu mara mbili.

Mambo yakaenda. Siku za kwanza kijana wa kilemba alikuwa anapiga hatua kama mtu aliyesikia deni linakuja nyuma. Wavuvi wakachangamka. Mwenye dishi akaona watu hawavuki, akawa anasimama mlangoni kwake kunichokoza.

"Mama katuni! Bwana wako kashampata adui, au bado anaogelea?"

"Na wewe timu yako ya Ulaya ishajua unaishi Kilwa, au unaipigia kelele bure?"

Wavuvi wakacheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Nikapigilia msumari, tukaendelea.

Kijana yule alikuwa na mwalimu wake, mzee mfupi wa kunywa chai. Kila kipande ana kikombe chake cha udongo kilichovunjika mkono. Wavuvi walimpenda kuliko kijana mwenyewe. Wakimwona tu wanasema, "Babu huyo, kaja na kikombe chake." Basi siku ile mwenye jicho moja akaja usiku kwenye nyumba ya mzee, akamuua. Watu wakaondoka bila kupiga soga.

Kesho yake asubuhi nikatazama kinachofuata. Nikikimbiza picha niliona mvua, watu wamesimama, watu wamekaa, watu wanakula. Hakuna aliyepigwa. Hakuna kovu. Nguo wamebadili, wamevaa nyeusi, ndiyo, lakini hazikuchanika. Nikapaka rangi ya kucha, nikaenda kupika.

Mchana nikaweka kipande kilichofuata baada ya kile. Kijana wa kilemba kasimama juu ya paa, anataniana na msichana. Picha haikwenda mbali, nahodha akapiga kofi kwenye benchi.

"Bibie, simamisha."

"Kuna nini?"

"Mzee kafa jana. Sivyo?"

"Kafa."

"Leo mtoto wake anacheka juu ya paa. Nani kamzika?"

Mwingine nyuma akadakia, "Labda kaachwa palepale, analiwa na kunguru."

"Wajapani hawana matanga, nyie."

"Nani kakuambia? Kila mtu ana matanga! Hata huyo paka wangemwekea matanga!"

"Tulieni," nahodha akasema. Akanigeukia mimi. "Mtu hafi hivyo akaachwa. Kuna waliomuosha, kuna waliokaa naye, kuna waliopika. Hatukuwaona. Wewe umewaruka."

"Hakuna aliyepigana mle. Watu wanakula tu."

"Kwenye matanga watu wanafanya nini, bibie? Wanapigana?"

Kabla sijajibu chombo kizima kimesimama. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Wanafunga misuli yao viunoni, wanatafuta kandambili zao chini ya mabenchi. Mwenye dishi si mjinga, alishasikia, akainua pazia la mlango wake.

"Karibuni, karibuni! Huku hafi mtu!"

Nikazima jenereta. Nikaenda kusimama mlangoni, mwili wangu wote. Nilikuwa mnene kuliko sasa.

"Kaeni," nikasema. "Nimemruka, namrudisha. Mtu haondoki matangani mpaka amekula. Mnajua adabu au hamjui?"

Nahodha akanitazama. Akakaa. Wengine wakakaa.

Nikakwangua ile rangi kwa ukucha, nikaweka diski. Sasa sikuikimbiza, na mimi mwenyewe ndipo nikaiona mara ya kwanza. Mvua inanyesha. Watu wa kijiji wamepanga mstari, kila mmoja anaweka ua. Baadaye wamekaa chini, chakula kinapitishwa, hakuna anayeongea. Kijana anachukua kile kikombe kilichovunjika mkono, anamimina chai, anakiweka pale alipokuwa anakaa mzee. Chai inatoa moshi mpaka inapoa. Kipande kizima ni hicho.

Mvuvi mmoja kijana akaanza kucheka, wenzake wakamziba mdomo. Mwingine akasema Inna lillahi, kwa sauti ndogo, akitazama magoti yake. Mwaka uliotangulia chombo chao kilipoteza mtu baharini, na mwili haukurudi. Mimi nililijua hilo. Masoko nzima tulilijua. Sikulisema siku ile na wala nahodha hakulisema. Kipande kilipokwisha alijifuta uso kwa kofia, akasema, "Haya. Sasa wapigane."

Lakini saa zilikuwa zimekwenda, na mwezi hausubiri mtu. Kipimo changu cha makovu kilikuwa kibovu, kwa hiyo asubuhi yake nilirudia boksi zima. Sikutazama tena nani kapigwa. Nilijiuliza, kipande hiki nikikitoa, kuna mtu atasimama aulize? Vipo nilivyovirudisha ambavyo ndani yake hamna hata kofi moja. Ili vipate nafasi ikabidi nikate pengine, nikakata palipo pakubwa. Kulikuwa na mashindano, diski baada ya diski, mtu mnene na mtu wa mapanga mawili, wanavunja milima, wanaangusha misitu, na mwisho wanakuwa marafiki na hawaonekani tena. Ngumi tupu. Machicha yenye kelele, lakini machicha.

Mchana nikawatangazia kabla sijawasha.

"Leo tunaruka mashindano yote."

Vijana wakalia. "Mama! Ngumi zile! Tumeziona kwenye jalada!"

"Jalada nitakuachia ulitazame. Nani anakufa mle?"

Nikaendelea kuwahesabia kwa vidole.

"Nani anaoa? Nani anakimbia kwao?"

"Lakini ngumi, mama..."

"Mnataka kelele zisizo na mwisho, vukeni barabara, yule bwana anaonyesha mpira."

Nahodha akacheka mpaka akakohoa. "Ruka," akasema. "Huyu mwanamke kashajua kukamua."

Siku ya mwisho, jua bado liko juu ya paa la soko, kijana wa kilemba alimpata mwenye jicho moja. Wakapigana kweli, sikukata hata pumzi. Mwenye jicho moja akaanguka. Kijana akainua upanga, na pale pale ikaja picha ya mkono wake mwingine unaingia kwenye nguo yake na kutoa kitu. Kikombe cha udongo kilichovunjika mkono. Banda zima likapiga kelele kwa pamoja, "Cha mzee!" Kama ningekuwa nimewaruka wale waliokula kimya kwenye mvua, kile kingekuwa kikombe tu. Kijana akakitazama, akashusha upanga, akaondoka. Wengine walisema angemuua. Wengine wakasema amefanya vyema. Walibishana mpaka adhana, wakaenda kubishana ufukweni wakitia mafuta kwenye taa, maana giza la kuvulia lilikuwa limefika.

Mwezi uliofuata sikwenda kuwapokea. Nilikaa bandani, mlango wazi. Nikasikia mwenye dishi anakaribisha watu, kisha nikasikia kandambili nyingi, na nahodha akaingiza kichwa kwenye banda.

"Bibie, una nyingine? Lakini iwe umeshaitoa machicha."

Mwenye dishi alirudi Lindi mwaka wa pili yake. Chumba chake nilikinunua mimi.

Leo nina nyumba mbili za tofali Kilwa Masoko, moja ni ile iliyokuwa na dishi. Nina minazi Pande, na shamba la ufuta Kiranjeranje, la kwangu, si la mjomba. Nina boti ya dagaa na taa zake, anayeiongoza ni mtoto wa nahodha yule. Nina friji mbili za samaki. Nina kitanda cha mninga na godoro. Nina boksi la diski lenye rangi ya kucha, mashine ya kuzichezea imekufa zamani, na boksi siliuzi.