Mlango wa Msimamizi

Pale machinjioni wote walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Jina alilipata siku za kwanza alipokuja kufagia mazizi, mjane mgeni mwenye ndoo na ufagio, na vijana wa kuchuna ngozi wakaona ndiyo adabu kumwita hivyo. Likaganda. Mtu anayeitwa shangazi na watu wengi kiasi kile ungedhani hakosi wa kumjulia hali. Thubutu! Wakimwita, ama wanataka ndoo, ama wanataka awapishe njia. Aliyemlaki kila asubuhi kwa furaha ya kweli alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mbuzi.

Mbuzi huyo alizaliwa humo humo zizini. Mama yake aliletwa na lori akiwa na mimba ambayo hakuna aliyeiona, akazaa, akafa. Ilisemekana kile kitoto hakitafika jioni. Shangazi hakubishana na mtu. Alikiweka kwenye kona ya stoo ya pumba, akakinyonyesha kwa chupa ya soda iliyofungwa kidole cha glavu ya mpira, na kitoto kikafika jioni hiyo na jioni nyingine nyingi. Kikahasiwa, kikanenepa, kikaota ndevu na kiburi.

Kazi alijipa mwenyewe. Mifugo ikishushwa kwenye lori haipendi kupanda kile kijia cha saruji kinachoelekea ndani. Inasimama, inanusa, na kondoo mmoja akigoma basi wote wamegoma. Ukiwachapa wanakurupuka na kupandana. Na nyama ya mnyama aliyekufa na hofu huwa nyeusi na kavu, haidumu hata kwenye chumba cha baridi. Mnunuzi wa ng'ambo akiiona tu, anairudisha. Sasa yule mbuzi, kwa kuwa alimfuata Shangazi kila mahali, siku moja alimfuata hadi juu ya kijia, na kundi zima likamwandama yeye, kama watu wanaojiunga na foleni bila kuuliza ni ya nini. Juu kabisa, kabla ya mlango mkubwa, kulikuwa na mlango mdogo wa pembeni. Shangazi akaufungua, mbuzi akatoka, kondoo wakaendelea mbele. Nje akampa pumba kiganjani.

Ikawa ndiyo desturi. Shangazi alisema tu, "Haya baba, twende," na mbuzi akatangulia. Wachunaji wakambatiza Msimamizi, kwa sababu hutangulia kifua mbele, na mambo yakianza kuwa mazito yeye ameshatokea mlango wa pembeni. Meneja alilisikia jina hilo na hakucheka.

Nyumbani Shangazi alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, kitanda, jiko, na picha ya marehemu mumewe akiwa ameegemea lori. Mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda ng'ambo. Alipata kazi ya kupakua mizigo kwenye ghala la baridi, na kwa jinsi dunia ilivyo na mzaha, ni huko huko nyama ya machinjio yao ilikokwenda kwa ndege.

"Mama, jana nimebeba kondoo wenu," alimwambia mara moja kwenye simu. "Nimeuona muhuri."

"Walikuwa wazuri?"

"Wazuri sana. Mama, naitwa, nitakupigia."

Hakupiga mpaka Shangazi alipokwisha kuchoka kuitazama simu. Asubuhi akamweleza Msimamizi habari hiyo, akimkuna katikati ya pembe. Alimwambia kwamba anawaonea wivu kondoo waliokufa, kwa kuwa wao wanafika kwa mwanawe na yeye hafiki. Mbuzi alitafuna pumba zake. Angalau yeye hakuwa na simu ya kukata.

Kisha soko likafungwa. Ugonjwa wa miguu na midomo ulizuka kwenye malisho ya mbali, na wanunuzi wakaifungia nyama yote ya nchi, ya wagonjwa na ya wazima. Ndege zikaacha kuja. Vyumba vya baridi vikazimwa kimoja baada ya kingine, na wachunaji wakamwaga unga. Shangazi alibakizwa kwa ajili ya mifugo michache iliyouzwa mjini. Jirani yake, mchunaji hodari ambaye ukuta mmoja tu ulitenganisha vyumba vyao, aliendelea kuvaa nguo za kazi kila asubuhi, akatoka, akakaa kizingitini. Mkewe alikuwa akipita bila kumtazama usoni ili asimwaibishe.

Baada ya muda mrefu wa namna hiyo zikaja habari njema, na zilikuwa njema kweli. Wanunuzi wanarudi. Wanataka nyama nyingi kuliko zamani, ndege ziongezwe, watu waajiriwe upya, ilimradi machinjio ipite ukaguzi. Wakaguzi wakaja na makoti yao meupe. Walipenda vyumba vya baridi, walipenda visu, walipenda maji. Mmoja akasimama juu ya kijia, akamwona Msimamizi akipanda na kundi lake, kisha akamwona akichepuka peke yake mlango wa pembeni.

"Huyu anakwenda wapi?" akauliza.

Kesho yake daktari wa mifugo, msichana mpole aliyekuwa akimletea Shangazi chai, alimfuata stoo.

"Shangazi, kaa kidogo."

"Nimezoea kusimama, Daktari. Sema tu."

"Wamepitisha kila kitu isipokuwa Msimamizi. Anakutana na kila kundi linaloletwa. La jana likiwa na ugonjwa, anaupeleka kwa la leo."

"Hajawahi kuugua hata mafua."

"Anaweza kuubeba asiugue. Mnyama akiingia hapa hatakiwi kubaki."

"Basi nimchukue nyumbani."

"Wala hatakiwi kutoka akiwa hai. Ndiyo sheria yenyewe. Tukimtoa yeye, wanatufungia tena." Macho ya daktari yalikuwa yamelowa. "Shangazi, ningekuwa na njia ningekwambia."

Ningependa kumlaumu msichana yule, maana hadithi huwa tamu zaidi ikiwa na mtu wa kulaumiwa. Lakini alisema kweli, na Shangazi alijua kwamba ni kweli.

Aliyekuja na njia ni dereva wa lori la samadi. "Kesho asubuhi natoka na mzigo," alimnong'oneza. "Nitaacha nafasi nyuma, tunamfunika turubai. Getini hawachokonoi samadi. Nani ana pua hiyo?"

Shangazi akakubali. Jioni ile alifagia chumba chake mara mbili, akasogeza jiko, akatandika gunia karibu na miguu ya kitanda. Aliwaza vile Msimamizi atakavyotafuna shuka na vile mwenye nyumba atakavyopiga kelele, akacheka peke yake kwa sauti. Kicheko kilimshtua. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho chumba kile kilisikia mtu akicheka.

Asubuhi walimpakia. Mbuzi alilala kimya chini ya turubai kwa kuwa Shangazi alikaa kando yake, mkono wake juu ya pembe. Lori likaenda mpaka karibu na geti, likasimama. Nje kulikuwa kumejaa watu. Habari za soko zilikuwa zimesambaa, na wote waliopoteza kazi walikuja kusubiri kuitwa majina. Mbele kabisa alikuwa jirani yake. Alikuwa amenyoa ndevu, ameosha mabuti yake ya mpira mpaka yanang'aa, na visu vyake amevifunga kwa kitambaa safi, amevibana kwapani. Alimwona Shangazi juu ya lori akainua mkono.

"Shangazi! Tumerudi!" alipiga kelele, na uso wake wote ulikuwa unacheka.

Shangazi naye aliinua mkono, ule uliokuwa huru. Alitazama vile visu vilivyofungwa vizuri, akamtazama mke wa jirani, aliyesimama nyuma yake na safari hii anamtazama mumewe usoni. Kisha akagonga paa la lori.

"Rudi nyuma."

"Una wazimu? Tumeshafika!"

"Rudi nyuma, nimesema."

Dereva alitukana kidogo, si kwa ubaya, akarudi nyuma.

Meneja alipouliza nani atakayempeleka, aliuliza huku akitazama sakafu. Shangazi alijibu, "Nani mwingine?" Hakumfunga kamba. "Haya baba, twende," alisema, na Msimamizi akatangulia kifua mbele kama siku zote. Juu ya kijia, mlango wa pembeni ulikuwa umezibwa kwa bati, umeachwa mwanya mwembamba tu wa kupita mtu kwa ubavu, na chini yake beseni la dawa ya kuua vijidudu vya miguuni. Tumbo la Msimamizi lisingepita hapo. Alisimama mbele ya bati akangoja. Akaligusa kwa paji la uso, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwake. Halafu akageuka akamtazama Shangazi.

Alimpa pumba hapo hapo, ndani, kwa mara ya kwanza. Mbuzi alikula zote akaramba kiganja. Shangazi alimshika shingoni mpaka mwisho, kwa kuwa hakutaka aondoke akimtafuta kwa macho. Alilia waziwazi, na wachunaji wakageuza nyuso zao.

Siku soko lilipofunguliwa malori yalipanga mstari. Kondoo walishushwa, wakafika mwanzo wa kijia, wakasimama. Wakanusa. Wakaguzi walikuwa juu wanatazama, na kuchapa kulikuwa kumepigwa marufuku. Meneja alipiga makofi, akapiga mbinja, akatoka jasho. Kondoo walimtazama tu. Jirani alisubiri ndani na kisu chake kikavu.

Shangazi aliegemeza ufagio ukutani. Akachota pumba akatia mfukoni, akapita katikati ya kundi bila kuharakisha, akasimama mbele.

"Haya baba, twende."

Akapanda. Nyuma yake alisikia kwato moja, kisha nyingi, kisha zote.

"Huyo Msimamizi mpya!" kijana mmoja akaropoka, wenzake wakacheka, kisha wakainamia visu vyao.

Juu akakanyaga beseni la dawa, akajipenyeza kwenye mwanya, na kondoo wakaendelea mbele. Nje jua lilikuwa kali. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni na kutoka, kiganja wazi, umejaa pumba, na akausimamisha hapo hewani kwa urefu wa mdomo wa mbuzi. Ndani mashine zikaanza kunguruma. Alingoja kidogo. Kisha akazirudisha pumba mfukoni, akashuka kuwaleta wengine.