Herufi Kumi na Mbili za Hatua ya Nane

Nakumbuka Jumamosi moja ya msimu wa kahawa, mwanangu Wambui, nikiwa na miaka kumi na mitatu na majivuno ya kumtosha mtu mzima. Tulikuwa nyumbani Wamagana, mimi na kaka yangu Maina, huyo unayemwita baba. Alikuwa amemaliza shule, na Jumatatu angekwenda Nanyuki kuanza kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa mifugo. Tulikuwa tumeahidiana kumaliza gemu moja kabla hajaondoka, ile ya kaseti ya kuchomeka kwenye mashine ya televisheni, hatua kumi, ngumu ajabu. Siku hizi mnaziiga kwenye simu, na picha zake za vidoti na muziki wake wa kuumiza masikio, halafu mnaniambia ni kitu kipya. Mimi nacheka tu.

Stima ilikuwa haijafika kwetu. Televisheni ilitumia betri ya gari, na betri ikiisha Maina aliifunga kwenye baiskeli akaipeleka sokoni ikachajiwe hadi kesho yake. Mashine ya gemu nayo haikukumbuka chochote ikizimwa. Kila ukimaliza hatua ilikuonyesha herufi kumi na mbili. Ukiziandika, kesho unaziingiza na kuendelea ulipoachia. Usipoziandika, unaanza upya. Baba yako alicheza, mimi niliandika. Ndiyo kazi pekee niliyopewa.

Jumamosi hiyo tukavuka hatua ya nane, iliyokuwa imetutesa likizo nzima. Picha ikaanza kusinyaa, betri inakata roho, na herufi zikatokea. Maina akauliza kama nimeandika. Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimeandika. Kalamu ilikuwa mkononi, lakini mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa kukariri, na niliona kuandika ni kwa wasahaulifu. Nilizisoma mara mbili, nikajiambia zimeingia.

Kisha mama akatuita tubebe kahawa kwenda kiwandani. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama walikuwa na habari nyingi, nami nikazisikiliza zote. Niliporudi na kufungua daftari, nilikuwa na uhakika wa herufi tano. Saba nilizitunga. Ningeweza kumwambia, mwanangu, alikuwa hapo nje anafunga betri kwenye baiskeli. Niliona haya, nikafunga daftari.

Jumapili baada ya kanisa tukaunganisha betri. Maina akaingiza herufi zangu, mashine ikakataa. Akajaribu tena, polepole, akibadilisha hii na ile, alasiri yote, mpaka picha ikasinyaa tena. Hakuniuliza swali hata moja. Mwishowe akaweka vidude vya kuchezea chini akasema, "Ni mimi naingiza vibaya. Pole, Wanjiku."

Kesho yake akaenda. Kaseti tuliyokuwa tumeazima ilirudishwa kwa mwenyewe, na gemu ile hatukuimaliza kamwe. Miaka thelathini nilikula naye Krismasi na sikuwahi kumwambia.

Sasa, wiki jana nilikuwa jikoni hapa Nyeri nikakusikia ukimwambia baba yako kwa simu kwamba gemu mnayocheza pamoja kila Jumapili akija imejifuta yenyewe. Ati imejifuta. Mwanangu, nilikuona ukiipita ile taa ya kuhifadhi mchezo, humo ndani ya gemu, bila kusimama, kwa sababu wenzako wanasema anayeseivu ni mwoga. Sikukuaibisha. Nilitoka nje, nikampigia Maina, nikamwambia habari za herufi zangu. Zangu tu, zako sikuzigusa.

Alicheka sana. Kisha akasema, "Nilijua hiyo siku. Ile gemu haikuwa inatumia A wala O, na wewe uliniandikia A tatu. Lakini ulikuwa karibu kulia, na mimi nilikuwa naenda."

Nililia hapo nje, sikufichi. Alasiri nzima kaka yangu aliingiza herufi alizojua ni za uongo, ili nisiaibike.

Basi nikuambie wazi. Ukifika mahali pa kuhifadhi, simama uhifadhi, hata kama unajiona hodari na wenzako wanacheka. Aliyehifadhi hurudi kwenye hatua ngumu bila hofu, akaijaribu mara mia. Na siku utakayosahau, maana utasahau, sema, "Sikuhifadhi," siku hiyo hiyo. Kuanza upya na baba yako ni Jumapili chache tu. Mimi nilidhani namficha kosa, kumbe nilimnyima miaka thelathini ya kunisamehe.

Mpigie leo. Huenda anajua tayari, lakini anataka kusikia kutoka kwako. Mungu akubariki, mwanangu, akukuze, na akupe maishani watu wa kukupenda hivyo hata wanapojua.