Nyumba ya Jean na Mwamba wa Babu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Jean alikuwa anakwenda nyuma ya jiko letu, mahali ambapo bati halizibi anga, anawasha ile mashine yake na kungoja. Kungoja kwenyewe hakuwezi. Anasimamia mguu huu, anahamia ule, anaigeuza mashine kama mtu anayepoza chai. Ikishapata setilaiti zake anasoma namba moja tu, anazima upesi betri zisiishe.

Mama akimwona anarudi anamuuliza, "Haya, nyumba yako imesogea leo?"

"Haijasogea, mama. Mia na ishirini na nane."

"Basi nawa unywe uji. Kitu hakina miguu unakilinda cha nini?"

Hizo zilikuwa kilomita kutoka uani kwetu, hapa Katonga, mpaka mlangoni kwake ng'ambo ya ziwa, karibu na Kalemie, Kongo. Kabla ya vita Jean alikuwa baharia kwenye boti ya uvuvi ya tajiri mmoja wa kule. Tajiri alinunua GPS, mashine ya kushika mkononi inayokumbuka mahali. Unabonyeza kitufe ukiwa pale, na siku nyingine inakuonyesha mshale na umbali mpaka unarudi palepale. Siku aliyokabidhiwa, Jean aliipeleka kwanza nyumbani, akabonyeza mlangoni ili mkewe Elida aone. Elida alicheka, akamwambia, "Sasa hata ukilewa utafika." Risasi zilipoanza mjini Jean alikuwa botini, na boti ikaondoka na waliokuwemo. Elida hakuwemo. Jean alifika kwetu na mashine, koti, na viatu ambavyo alikuwa analala navyo.

Wenzake wengi walipelekwa kambini. Yeye, babu yangu Mzee Hamdani alimweka kwenye chumba cha nyavu kwa kuwa anajua kuvua. Ila Jean alisema tangu siku ya kwanza: akisikia Elida yupo, anaondoka, hata kama ni katikati ya chakula.

Babu ana mwamba wake ziwani. Hauonekani, uko chini ya maji, na samaki waitwao kuhe wanakaa juu yake wanene kama watoto wa tajiri. Hapa kila familia ya wavuvi wa mshipi ina mwamba wake, na unapatikana kwa alama za nchi kavu. Unapanga kitu cha ufukweni kikae sawa na kitu cha mlimani, upande huu na upande ule, halafu unatupa jiwe la nanga. Alama haambiwi mtu baki, wala haambiwi binti. Na watoto wa kiume wa babu wako Dar es Salaam, habari za samaki hawazitaki.

Mwaka ule babu alianza kulalamikia moshi. Kiangazi watu wanachoma mashamba na milima inapotea, hiyo kweli. Lakini mvua zikanyesha, ukawa unaiona milima ya Kongo mpaka mikunjo yake, na babu bado anasema, "Moshi umezidi mwaka huu." Nilimwona anapapasa kikombe kilichokuwa mbele yake. Jean naye alikuwa ameona, maana alimjibu, "Kweli mzee, moshi mwingi. Twende na mashine kabla haujafunga kabisa."

Babu alifikiri sana. Kumwambia mtu wa kuja alama za baba yake, hawezi. Mwisho akasema mashine haiambiwi alama, inapewa namba tu, kwa hiyo siri haijatoka. Wakaenda. Babu akaupata mwamba kwa shida, wakafunga nanga, Jean akabonyeza.

Safari iliyofuata walirudi na mtumbwi mtupu. Dismasi, anayewapigia kasia, alianza kelele kabla hawajagusa mchanga.

"Njooni muone maajabu! Imetupeleka sawasawa, haikukosea hata kidogo, mpaka mahali pasipo na samaki! Jiwe limeshuka, kamba imeisha, chini hakuna!"

"Funga mdomo," babu akasema.

"Ningeufunga, mzee, kama ningekuwa na kitu cha kutafuna."

Wachuuzi wakacheka. Mmoja akasema, "Jean, mashine yako inalilia maji ya kwao!" Dismasi akamalizia kwamba harudi tena mtumbwini mpaka mzee atumie macho yake. Babu alikwenda nyumbani mkono ukigusa kuta za watu.

Jioni ile Jean hakukaa. Alizunguka uani, akafungua kamba ya nanga, akaifunga, akaifungua tena. Alijua babu akikosa mwamba hana kitu kingine. Babu alikuwa kwenye mkeka, amegeukia ukuta. Ghafla akauliza, "Wewe, siku ile ulibonyeza wakati gani?"

"Tulipotulia, mzee. Nanga imeshika, mtumbwi umenyooka."

"Na upepo?"

"Wa kusini. Mkali."

Babu akaanza kucheka peke yake. "Mtoto wa watu wewe! Umeweka alama ya mtumbwi. Jiwe je, liko wapi?"

Jean alisimama na kamba mkononi. Kwenye boti ya tajiri wake walikuwa wanazungushia samaki wavu, wala hawafungi nanga ya jiwe. Sisi tunaning'inia kwenye kamba ndefu, na siku ile upepo ulikuwa umewasukuma kaskazini, mbali na jiwe lao wenyewe. Mashine ilikumbuka walipokaa wao. Mwamba ulikuwa nyuma.

"Twende," Jean akasema.

"Sasa hivi? Kesho!"

Kulipokucha Jean alikuwa tayari ufukweni. Dismasi hakuja, kwa hiyo kasia nikashika mimi. Mama alitufuata mpaka majini: "Msichana kwenye mtumbwi wa mshipi! Watu watasema nini?"

"Hawatamwona," babu akasema. "Moshi."

Tulifika kwenye namba, tukaenda kusini polepole. Babu alikuwa mbele, ameshusha mshipi mwembamba wenye uzito wa risasi mwishoni, ameyafumba macho kabisa. Bado, anasema. Bado. Sogeza. Jean anapumua kama aliyekimbia. Kisha babu akavuta mkono, akashusha, akavuta tena.

"Hapa! Tupa!"

Jiwe likaingia majini. Palepale, kabla upepo haujatugusa, Jean akabonyeza. Kamba ililegea ikiwa bado nyingi mtumbwini. Kuhe wa kwanza alipokuja, Jean alinipa mashine nishike, akanionyesha kitufe cha kutafuta majina. Yalikuwa mawili: HAMDANI na ELIDA.

Toka siku hiyo safari zote nilikwenda, na mashine nilishika mimi. Nilijifunza kuzianika betri juani ili zipate nguvu kidogo zaidi. Jean alinisahihisha mara moja moja, akiangalia upande wa Kongo.

Halafu akaja Feliksi, anayenunua samaki mpaka Ilagala. Alitukuta tunakula. Alisema kuna mama ametoka Kalemie, amemwona Elida kwa macho yake, anauza mihogo ya kuchoma mlangoni kwake. Na kuna boti ya wafanyabiashara iko Ilagala, inavuka kesho, haingoji mtu.

Jean alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani, akasimama.

Babu akaacha kutafuna. "Mashine yako," akasema, uso ukutani. "Usije ukaisahau."

Jean aliingia chumba cha nyavu, akatoka na koti na mashine. Nilidhani atapita nyuma ya jiko. Hakupita. Alikuja kwangu, akaniwekea mashine kwenye mapaja. "Betri zianike," akasema.

"Na wewe nyumba utaijuaje?" mama akamuuliza.

"Hata nikilewa nitafika, mama."

Akainama mbele ya babu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Moshi vipi huko nje?"

Jean akatazama juu.

"Hakuna, mzee. Kweupe."

Babu akaitikia kwa kichwa, akasema haya. Jean akatoka kwa mlango wa uani, akaishika njia ya kwenda barabarani, haraka haraka, koti begani. Mama alifunika chakula chake kwa sahani nyingine, kikakaa mpaka jioni. Hakurudi.